Kitabu kimoja, bekari tano, mikate mitano tofauti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tulianza na bekari moja Morogoro, leo tunazo tano: Morogoro, Tegeta, Dodoma, Iringa na Mbeya. Kila tawi linaoka lenyewe. Mwaka jana tulimlipa mshauri akatuandikia kitabu cha taratibu za kazi, kurasa 84, kila tawi likapewa nakala yake. Sioni mabadiliko. Mkate wa Tegeta unawahi kuchachuka na mara nyingine unabonyea katikati. Iringa wanafuata kitabu neno kwa neno, lakini wateja wanasema mkate wao mkavu. Mbeya fundi mkuu hataki tena hata kukifungua, anaoka kwa jicho na mkono, na cha ajabu tawi lake ndilo lenye malalamiko machache. Kufunga hesabu za jioni nako kila msimamizi ana mtindo wake. Mume wangu anasema tumwondoe yule fundi kabla wengine hawajamwiga, tufunge kamera, kisha tutafute cheti cha ubora cha ISO 9001. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba. Fundi wa Mbeya mwacheni kwanza. Ikiwezekana mpigieni simu leo mumwombe asiondoke, maana katika yote uliyonieleza yeye ndiye mtu pekee aliyeigundua kasoro ya kitabu chenu, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Nilikuomba unitumie kurasa za mkate wa kawaida wa gramu 400, nikazisoma. Zimeandikwa kwa Kiswahili safi na picha zipo. Zinasema: pima unga kwa bakuli, tia maji ya bomba, kanda dakika 12, acha uumuke dakika 60, oka mpaka kipimajoto kilichochomekwa katikati ya mkate kisome nyuzi 96. Ni wazi mshauri alikaa Morogoro, akawatazama mafundi wa Morogoro, akaandika alichokiona. Kwa Morogoro maelezo hayo yanafaa.

Sasa angalia kinachotokea yakipanda mlima. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji pale huchemka kwenye nyuzi 98 na kidogo. Iringa mjini umepita mita 1,500, Mbeya unakaribia 1,700. Huko juu kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka kati ya nyuzi 94 na 95. Mkate una maji ndani yake, na maadamu maji hayo yapo, joto la katikati haliwezi kupita kiwango cha kuchemka. Mfanyakazi wenu wa Iringa ameambiwa asitoe mkate kabla ya nyuzi 96. Anasubiri. Kipimajoto kinagota kwenye 94, yeye anaendelea kusubiri, na muda wote huo mkate unakauka. Mkate mkavu wa Iringa umetoka kwenye utii. Kule Mbeya fundi ameona siku ya kwanza kwamba namba haifikiki, akakitupa kitabu kizima, na mkate wake ukapona.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu ndilo shida yenyewe ya kampuni yenye matawi mengi, iwe bekari, famasi, gereji au shule. Makao makuu huandika utaratibu pale yalipo. Tawi linalokiuka huitwa kaidi, linalotii huitwa zuri, hata pale matokeo yanaposema kinyume. Kwa hiyo kabla hamjasawazisha chochote, nendeni tawi kwa tawi mkaangalie tofauti zilizopo, na kila mnapoikuta moja ulizeni ilianzaje. Nyingine mtakuta ni uvivu tu. Nyingine ni mazoea ya fundi aliyetoka bekari fulani akaja nayo. Lakini kadhaa zitakuwa ni jibu la tatizo ambalo ninyi wa Morogoro hamjawahi kulipata.

Tuje Tegeta. Kule tatizo ni joto la chumba. Hamira haisomi saa ya ukutani, inafuata joto la donge. Donge lililotoka kwenye mashine likiwa na nyuzi 32 au 33, kama inavyokuwa Dar es Salaam mwezi wa pili, litakuwa limeumuka kupita kiasi kabla dakika 60 hazijaisha. Likiingia kwenye oveni linabonyea, na ladha ya uchachu imeshaingia. Donge hilohilo Mbeya mwezi wa saba, alfajiri, baada ya dakika 60 bado limelala usingizi. Hivyo dakika 60 si kipimo cha kuandikia matawi matano. Kinachofaa kuandikwa ni joto la donge linapotoka kwenye mashine, tuseme nyuzi 26, na hilo linapatikana kwa kuchagua joto la maji. Waokaji duniani kote wana hesabu fupi ya kazi hii: zidisha joto mnalolitaka kwa tatu, toa joto la unga, toa joto la chumba, toa joto linaloletwa na mashine yenyewe kwa msuguano wa kukanda. Kinachobaki ndicho joto la maji.

Tuchukue msuguano kuwa nyuzi 10 kwa mfano. Tegeta mchana, chumba nyuzi 31 na unga nyuzi 30: 78 ukitoa 71 unabaki na 7. Yaani maji ya barafu. Bomba la Dar likitoa maji ya nyuzi 28, katika kila kilo 10 za maji karibu kilo 2 ziwe barafu. Mbeya asubuhi ya kipupwe, chumba nyuzi 15 na unga nyuzi 15: 78 ukitoa 40 unabaki na 38, maji ya uvuguvugu. Matawi mawili, utaratibu mmoja, karatasi moja, na mmoja anatia barafu huku mwenzake anapasha maji. Usawa mnaoutafuta ni wa namna hiyo. Msuguano wa mashine zenu msiuchukue kwangu. Kandeni mara moja, pimeni joto la donge, lizidisheni kwa tatu, toeni joto la unga, la chumba na la maji mliyotia. Namba inayobaki ni ya mashine hiyo. Iandikeni kwa rangi kwenye ubavu wake, kwa sababu mashine ya Dodoma inaweza isilingane na ya Iringa.

Na ile nyuzi 96 ya kwenye oveni? Wekeni kanuni badala ya namba moja: mkate utolewe ukifika nyuzi mbili au tatu chini ya joto ambalo maji huchemka hapo mlipo. Kila tawi lichemshe maji mara moja, lichomeke kipimajoto, liandike linachokiona. Morogoro mtabaki na 95 au 96. Iringa na Mbeya watapata 92 au chini kidogo. Zoezi hilo litawaonyesha pia kama vipimajoto vyenyewe vinasema kweli, jambo ambalo ningependa kulijua kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Baada ya hapo kaeni mezani mgawe kazi zenu zote kwa makundi matatu, na katika kugawa msiwe wepesi.

Kundi la kwanza ni yale yanayofanana kila mahali bila mjadala. Uzito wa mkate uko hapa. Mkate ulioandikwa gramu 400 lazima uwe gramu 400 Tegeta na Mbeya. Wakala wa Vipimo hauna habari na mwinuko wa mlima. Donge hupoteza maji likiokwa, mara nyingi kama asilimia 12, kwa hiyo mtakata donge la gramu 455 hivi, kisha mpime mikate iliyopoa muone kama hesabu inawiana na oveni yenu. Uwiano wa viungo uko hapa pia, na upimwe kwa mizani. Hilo neno “bakuli” lifutwe kwenye kitabu. Bakuli la unga uliochekechwa na bakuli la unga ulioshindiliwa hutofautiana kwa zaidi ya asilimia 10. Andikeni kama mafundi wa mikate wanavyoandika, kila kiungo kwa asilimia ya uzito wa unga. Chumvi ikiwa asilimia 1.8, mfuko wa kilo 25 unakula gramu 450, na hakuna cha kubishana. Usafi wa mikono na vyombo, tarehe kwenye mfuko, mkate wa jana unauzwaje na kwa bei gani, fedha: yote hayo kundi la kwanza.

Kundi la pili ni yale ambayo matokeo ni mamoja ila njia inaruhusiwa kutofautiana, kama joto la donge tulilolijadili. Maji pia yamo humu. Unga wa kinu kimoja hunywa maji mengi kuliko wa kingine, na ngano yetu kwa sehemu kubwa hutoka nje ya nchi, kwa hiyo hata unga wa kinu kilekile hubadilika meli ikibadilika. Mpeni fundi nafasi ya kuongeza au kupunguza maji, tuseme asilimia mbili juu au chini, na aandike alichofanya. Nje ya hapo apige simu. Kuumuka nako kupimwe kwa jicho lililowekewa alama: donge likifika sentimita moja chini ya ukingo wa kopo la kuokea, liingie ndani, iwe imepita dakika 45 au 80.

Kundi la tatu ni yale msiyoyagusa. Tegeta wanafungua alfajiri sana kwa ajili ya watu wanaowahi daladala, Dodoma wanauza zaidi wakati wa ofisi kutoka. Nani anaosha trei saa ngapi, nani anakula lini, maandazi yakae upande gani wa kabati, waachieni wasimamizi. Makampuni mengi hupoteza heshima ya taratibu zake hapa. Karatasi inayomwamuru mtu rangi ya ndoo ya kudekia inamfundisha kwamba karatasi zote zinaweza kupuuzwa, ikiwemo ile ya usalama wa mashine.

Niingize ushahidi kidogo, usije ukadhani haya ni maoni ya mzee mmoja. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio la orodha ya ukaguzi ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Orodha ina vipengele 19 kwenye ukurasa mmoja, inasomwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kukata na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, zikiwemo za London, Toronto, Manila na Seattle, na moja ilikuwa ya kwetu, Ifakara, mkoani kwenu Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kisha mwaka 2014 ukatoka utafiti wa jimbo la Ontario, Canada. Huko hospitali 101 zilikuwa zimeanza kutumia orodha ya ukaguzi baada ya serikali kutaka zitoe taarifa za matumizi yake. Upasuaji uliohesabiwa ulipita laki mbili. Vifo havikupungua kwa kiwango cha kuhesabika.

Wataalamu wamebishana sana juu ya tofauti hiyo, na zipo sababu za kitakwimu ambazo sitakuchosha nazo. Lakini hoja inayorudiwa na wengi ni ya jinsi orodha ilivyoingizwa. Kwenye zile hospitali nane za kwanza kulikuwa na timu za wenyeji zilizofundishwa, zikaifanyia mazoezi na kuirekebisha. Tena kwenye karatasi yenyewe, chini kabisa, Shirika la Afya liliandika kuwa linahimiza watu waongeze na wabadilishe vitu kulingana na mahali pao. Ontario wengi waliipokea kama agizo la kujazia fomu. Karatasi ni ileile au inakaribiana, kazi iliyotangulia karatasi ndiyo ilikuwa tofauti. Kitabu chenu cha kurasa 84 kiliingia kwa njia ya Ontario.

Mfano mwingine uko karibu na tawi lenu la tano. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007, kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, mpango wa kupanga mahali pa kazi ambao baadaye ulienea hospitali nyingi nchini. Hatua zake tano kwa Kiswahili ni sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tazama sanifisha imewekwa ya ngapi. Huwezi kuandika utaratibu mmoja wa stoo tano ambazo mbili kati yake zina mashine mbovu na magunia ya mwaka juzi. Kwa hiyo wiki za mwanzo toeni visivyotakiwa, kila chombo kipate mahali pake, pasafishwe. Mtashangaa ni mabishano mangapi ya utaratibu yanayokwisha hapo tu.

Kuandika. Kitabu kikae kabatini, tena msikichome, huenda kina mambo mengine yanayofaa. Kwa kila kazi ya kundi la kwanza na la pili tengenezeni karatasi moja, upande mmoja, iliyotiwa plastiki, iliyobandikwa pale kazi inapofanyika. Ya mizani iwe ukutani juu ya mizani. Igawe safu tatu: hatua, cha kuangalia, kwa nini. Safu ya tatu ndiyo watu huifuta kwanza ili karatasi iwe fupi, na ndiyo ninayokusihi uiache. Mfanyakazi wa Iringa angejua kwamba nyuzi 96 iliwekwa ili katikati kusiwe na ubichi, angekata mkate mmoja wa nyuzi 92, akauona umeiva, akawapigia simu. Hakuwa na sababu, alikuwa na namba tu.

Aandike nani? Si wewe, si mumeo, si mshauri. Waiteni mafundi wakuu watano Morogoro kwa siku mbili. Nauli na malazi yatawauma kidogo. Wakande na kuoka pamoja, kila mmoja aonyeshe anavyofanya, wabishane juu ya donge lililo mezani. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapo mtakiona: fundi wa Mbeya akisimama kwenye mashine ya Morogoro atauliza maswali ambayo wenyeji wameacha kujiuliza miaka mingi. Kijana mmoja wa ofisini aketi pembeni aandike kwa maneno yao, si kwa maneno ya ofisi. Kama wao wanasema “donge limelegea”, karatasi iseme limelegea. Karatasi ikishapatikana, mpelekeeni fundi wa tawi jingine aliyekuwa hayupo, mwambieni afanye kazi kwa kuisoma tu, bila kuuliza. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha.

Kufundisha ni kazi nyingine kabisa na kampuni nyingi huiruka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilikuwa na mpango wa kufundisha mamilioni ya watu wapya viwandani, na njia yao ya hatua nne ilihamia Japani baada ya vita ikawa msingi wa mafunzo pale Toyota. Ni rahisi. Kwanza mtulize mwanafunzi na ujue anachokifahamu tayari. Pili mwonyeshe, ukitaja hatua, kisha urudie ukitaja la kuangalia, kisha urudie ukitaja sababu. Tatu afanye yeye huku akikueleza kwa mdomo wake. Nne mwache afanye peke yake, ukipita mara kwa mara na kumwambia amuulize nani akikwama. Kanuni yao kali ilikuwa kwamba mwanafunzi asipojua, mwalimu hajafundisha. Kwenu itakuwa hivi: mtu hasemwi “hafuati utaratibu” mpaka ionekane aliwahi kuufanya mwenyewe mbele ya mwalimu na kueleza. Sahihi kwenye fomu ya “nimesoma na kuelewa” haihesabiki.

Mabadiliko yawe na mlango mmoja. Baada ya miezi michache tawi moja litapata njia bora, na hilo ndilo mnaloliombea. Tatizo ni likiibadilisha kimyakimya. Mteueni mtu mmoja, na kwa maoni yangu awe fundi aliye kazini na si ofisa, awe mwenye karatasi zote. Anayetaka mabadiliko anamtumia ujumbe wa WhatsApp wenye picha na namba. Yeye anaomba tawi jingine lijaribu wiki moja. Likikubali, karatasi mpya inatolewa kwa matawi yote siku moja, ina tarehe kubwa juu, na ya zamani inarudishwa Morogoro. Inarudishwa, narudia, haitupwi kwenye droo, kwa sababu karatasi ya zamani iliyobaki ukutani ina nguvu kuliko ujumbe mpya kwenye simu. Na jibu la hapana nalo litolewe na sababu yake, ndani ya wiki. Fundi akipendekeza mara mbili asijibiwe, mara ya tatu atafanya apendavyo, nami sitamlaumu. Kama unatafuta mtu wa kukaa kwenye kiti hicho, umeshanieleza habari zake. Ana jicho, ana ujasiri wa kukataa namba isiyowezekana, anachokosa ni tabia ya kuandika, na hiyo hufundishika.

Hesabu za jioni ni kinyume cha mkate. Hapa hakuna mwinuko wala baridi, na sioni sababu hata moja ya Dodoma kufunga tofauti na Iringa. Saa ileile, fomu moja, mpangilio mmoja: ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya mashine ya risiti ya EFD, fedha taslimu iliyohesabiwa na watu wawili, taarifa ya Lipa Namba kutoka kwenye simu ya biashara, mali kauli, yaani mikate iliyokopeshwa maduka, ikiwa na jina na kiasi, mikate iliyobaki, iliyoharibika, na iliyoliwa na wafanyakazi. Mikate iliyouzwa, iliyokopeshwa, iliyobaki, iliyoharibika na iliyoliwa, ikijumlishwa, ilingane na iliyotoka kwenye oveni siku hiyo pamoja na iliyobaki jana. Pengo liandikwe hata likiwa shilingi 500, wala lisifunikwe kutoka mfukoni kwa mtu. Msimamizi anayejazia pengo dogo leo kwa nia njema anawanyima ninyi habari ya pengo kubwa la mwezi ujao. Hiyo mali kauli iangalieni zaidi ya fedha taslimu. Kwa uzoefu wangu bekari huvujia huko, kwa madeni ya maduka ambayo kila msimamizi anayakumbuka kichwani.

Kukagua: msimamizi wa tawi apite kila siku na mambo matano tu, nanyi mpite mara moja kwa mwezi mkiwa na yaleyale matano. Pimeni mikate kumi, someni daftari la joto la donge, angalieni tarehe za karatasi ukutani, hesabu za jana, na mwombeni mfanyakazi yeyote aeleze kazi moja kwa mdomo na sababu yake. Mkimkuta anafanya tofauti, swali la kwanza liwe “imekuwaje?” Na tafadhali msiwapange wasimamizi kwa ushindani wa nani ana makosa machache. Wataacha kuyaandika, na mtabaki na madaftari mazuri na mkate mbaya.

Kamera zinasaidia kwenye kaunta na mlango wa stoo. Kwenye meza ya kukandia hazioni joto la donge. Programu za simu za kujaza fomu zipo nyingi na nyingine nzuri, lakini fanyeni miezi mitatu ya karatasi kwanza, mjue mnachotaka kukijaza.

Kuhusu ISO 9001, mwambie mume wako jambo moja ambalo huenda litamfurahisha: toleo la 2015 liliondoa sharti la kuwa na mwongozo mkubwa wa ubora. Linataka muwe na kumbukumbu zinazoonyesha kazi inaendeshwa mnavyosema inaendeshwa. Kile mtakachokuwa mmekifanya kwa njia niliyoeleza kitakuwa sehemu kubwa ya safari hiyo. Ila cheti hicho ni cha mfumo wa uongozi, hakisemi lolote juu ya chakula chenyewe. Kwa bekari, cha kwanza ni kuwa sawa na TBS, Shirika la Viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia pia usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, na kwa kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula ni ISO 22000. Mkipata mteja mkubwa, hoteli au kampuni ya migodi, anayedai 9001 kwenye zabuni, hapo gharama yake ina maana. Kabla ya hapo, fedha hiyo nunueni mizani tano za kidijitali zilizohakikiwa, vipimajoto viwili kwa kila tawi, na mashine ya barafu kwa Tegeta, na mkutano wa mafundi upangwe kabla ya joto la Desemba kuanza.